Mwalimu Kororo na Darasa Lililoimba Vizuri

Paukwa!

— Pakawa!

Vizuri. Mmeitika wote kwa pamoja na mmependeza. Nitalirudia jambo hilo baadaye, msidhani nimesahau. Anayetaka kwenda kukojoa aende sasa hivi, maana nikishaanza sisimami. Nanyi wakubwa mlioegemea ukuta na simu zenu, hadithi hii ni yenu pia, tena kuliko mnavyofikiri.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na kijiji na kijiji kina mwenyekiti, palikuwa na mahali pakiitwa Kichuguuni. Paliitwa hivyo kwa sababu palikuwa na kichuguu. Hawakuwa watu wa kujisumbua na majina. Juu ya kichuguu alikaa mlinzi. Kazi ya mlinzi ilikuwa kutazama. Akiona hatari anasema, wengine wanakimbia.

Mlinzi wa kwanza alikuwa Korongo. Alichaguliwa kwa sababu ya shingo yake ndefu na maneno yake mazuri. Korongo akisema jambo, unatamani aliseme tena. Siku moja Korongo aliona chui. Akakohoa kidogo. Akanyoosha shingo. Akasema:

"Ndugu wanakijiji, naomba utulivu. Kwa heshima na taadhima, napenda kuwafahamisha kwamba kutoka upande wa mtoni, muda si mrefu, anakuja chu—"

Hakumaliza.

Wanakijiji walizika manyoya, maana ndiyo yaliyobaki. Kisha wakakaa kikao. Kikao kilikuwa kifupi kuliko vyote, kwa kuwa Korongo ndiye aliyekuwa akivirefusha. Wakakubaliana hivi: kuanzia leo mlinzi hasemi neno zima. Anasema sauti ya kwanza tu. Akiona mwewe aseme "M!" Mkisikia M, ingieni kichakani. Akiona chui aseme "Ch!" Mkisikia Ch, ingieni shimoni. Akiona nyoka aseme "Ny!" Mkisikia Ny, tokeni majanini, pandeni juu ya jiwe. Na mlinzi akishasema, achore herufi ya sauti hiyo mchangani kwa ukucha, pale njiani, ili anayechelewa kupita ajue nani yuko mbele.

Ulinzi akapewa Bwana Nguchiro. Nguchiro hakupenda kuongea. Mkewe alilalamika, lakini kijiji kilimfurahia.

Sasa basi, watu wazima walizishika sauti zile mara moja. Walishika kwa woga. Lakini watoto? Mtoto hajui kwamba neno lina mwanzo. Kwake yeye neno ni donge moja, linaingia lote na linatoka lote. Mtoto lazima afundishwe. Tena lazima afundishwe mapema, kwa sababu ya Siku ya Maji.

Siku ya Maji ilikuwa hivi. Mvua za kwanza zikishajaza bwawa, watoto waliokwisha kupata akili wanakwenda kunywa maji peke yao. Mama zao wanabaki nyuma ya kichuguu. Na mama haruhusiwi kupiga kelele, hata aone nini, kwa sababu kelele za akina mama zinaifunika sauti ya mlinzi. Mtoto anayejua sauti ya kwanza anakunywa maji na kurudi. Asiyejua harudi. Ilishatokea. Majina hatuyataji, maana mama zao bado wapo.

Mwalimu wa watoto alikuwa Bi Kororo. Mnamjua kororo? Ni yule kanga wa porini mwenye kishungi kichwani, kama mtu aliyeamka na kukosa chanuo. Bi Kororo aliifundisha shule yake chini ya mgunga. Alikuwa mwalimu mwenye bidii. Alikuwa pia na mtoto wake darasani, kifaranga, binti yake wa pekee, jina lake Tunu. Wa pekee kwa sababu nyoka alikipitia kiota. Bi Kororo aliporudi siku ile alikuta yai moja tu limebingirikia nyuma ya jiwe. Alilitamia hilo moja kama anatamia kijiji kizima. Likaanguliwa, naye akamwita kifaranga Tunu.

Shuleni Tunu hakumwita mama, alimwita Mwalimu. Ndivyo walivyokubaliana.

Bi Kororo alifundisha kwa wimbo. Kila asubuhi watoto wanakaa kwenye mawe yao. Mwalimu anapiga bawa, pa! Anauliza:

"M ya nani?"

"Ya mwewe! Kichakani!"

"Ch ya nani?"

"Ya chui! Shimoni!"

"Ny ya nani?"

"Ya nyoka! Jiweni!"

Na tena. Na tena. Watoto wanayumba kulia, wanayumba kushoto, midomo wazi. Sauti inatoka pale mgungani, inapita vichakani, inafika bwawani na kurudi. Wazazi wakiwa shambani wanainua vichwa na kusema, shule ipo. Mwenyekiti Tembo alikuwa anakuja mwenyewe kusikiliza. Alikuwa analala ubavu chini, pu, anafumba macho, machozi yanamtoka.

"Mwalimu," anasema, "nikiwasikia hawa, moyo wangu unatulia."

"Ahsante, Mwenyekiti," anajibu Bi Kororo, na kishungi kinasimama.

Alikuwa na haki ya kujivuna. Hakuna darasa lililoimba vizuri kama lile. Na katika wote, aliyeimba kwa sauti kubwa ni Shangwe, binti Tumbili. Sauti ya Shangwe ungeweza kuitundikia nguo.

Ikatokea asubuhi moja Shangwe hakuja. Ameshikwa na matubwitubwi, mashavu yamevimba huku na huku, hata mdomo haufunguki. Mama yake akaleta salamu. Bi Kororo akasema apone haraka, akasimama mbele ya darasa, akapiga bawa, pa!

"M ya nani?"

Jii.

Nzi akapita. Nziiii. Akarudi.

"M ya nani?"

Watoto wakageuza vichwa wote kwa pamoja, wakalitazama jiwe la Shangwe. Jiwe halikusema kitu.

Bi Kororo akadhani ni utundu. Akawasogelea mmoja mmoja. Palikuwa na mapacha wa Ngiri, Kulwa na Doto. Akamuuliza Kulwa. Kulwa akamtazama Doto. Akamuuliza Doto. Doto akamtazama Kulwa. Wakatazamana hivyo kwa muda, kila mmoja akingoja mwenzake awe na akili. Palikuwa na Subira, mtoto wa Kobe. Subira alikuwa ameshaingia gambani.

Akafika kwa Tunu. Hapo hakuwa na wasiwasi. Kila asubuhi alikuwa anamwona Tunu akifungua mdomo kuliko wote.

"Tunu. M ya nani?"

Tunu akafungua mdomo. Aliufungua vizuri sana, hadi koo likaonekana. Sauti haikutoka.

Mwalimu akangoja. Mdomo ukabaki wazi.

"Tunu, kwani kila siku huwa unasema nini?"

"Huwa nafungua mdomo, Mwalimu."

"Na sauti?"

"Sauti anayo Shangwe."

Bi Kororo alirudi nyuma hatua moja. Aliogopa. Aliogopa kama siku ile alipokiona kiota kitupu. Akatazama mbinguni, mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa mashariki. Akawatazama watoto. Msimu mzima alikuwa amewafundisha kuyumba.

"Nendeni nyumbani," akasema. "Leo somo limeisha mapema."

Wakafurahi sana. Hilo walilielewa bila wimbo.

Akajifariji kwa jambo moja: walau Shangwe anajua. Shangwe akipona, nitaanzia kwake. Shangwe akapona. Bi Kororo akamwita pembeni.

"Shangwe, sikiliza. Ny!"

"Kichakani!" akasema Shangwe, kwa sauti ile ile.

"Nimesema Ny."

"Ndiyo, Mwalimu. La kwanza ni kichakani. La pili shimoni. La tatu jiweni."

"Na mimi nikianza na la tatu?"

Shangwe akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni asiyejua desturi za mji.

"Mwalimu, wimbo hauanzi na la tatu."

Basi hakukuwa na hata mmoja. Bi Kororo akakaa chini. Ndege huwa hawakai, lakini yeye alikaa.

Asubuhi iliyofuata hakupiga bawa. Aliwaambia watoto watawanyike, kila mmoja na jiwe lake mbali na mwenzake. Akasema: "Leo hatuimbi. Leo mnafumba macho."

"Tunalala?" akauliza Doto.

"Hamlali. Mnasikiliza. Nitatoa sauti moja. Usimtazame mwenzako, usimngoje mwenzako. Nenda unakodhani ni kwako. Ukikosea, umekosea. Tutarudia."

Wakafumba macho. Akasema, "Ch!"

Watoto wakaondoka. Kulwa alikwenda kichakani. Doto alikwenda jiweni. Halafu wote wawili wakabadili mawazo, wakarudi, wakagongana, pu! Subira aliingia gambani palepale alipokuwa. Kwa Subira majibu yote matatu yalikuwa moja, na mama yake alishawahi kuuliza kama kweli mtoto wake anahitaji shule. Shangwe aliimba wimbo wote haraka haraka tangu mwanzo ili afike kwenye Ch, na alipofika chui angekuwa ameshakula. Tunu hakuondoka. Alikuwa amefumba macho na amefungua mdomo.

Ilikuwa asubuhi mbaya. Asubuhi ya pili yake ilikuwa mbaya vilevile.

Alasiri moja Mwenyekiti Tembo akaja kusikiliza. Akalala ubavu chini, akafumba macho. Akangoja. Hakusikia kitu, isipokuwa pu, pu, watoto wakigongana. Akafumbua jicho moja.

"Mwalimu, leo kuna msiba?"

"Hapana, Mwenyekiti. Kuna somo."

"Mbona kimya?"

"Wanafikiri."

Mwenyekiti akatafakari neno hilo. Hakulipenda. "Wazazi wananiuliza, Mwalimu. Wanasema shule imekufa. Wako shambani hawasikii kitu. Mtoto akisoma si lazima asikike?"

"Walikuwa wanasikika, Mwenyekiti. Walikuwa hawajui."

"Lakini walikuwa wanapendeza," akasema Tembo, na ilimuuma kweli. Akainuka, akaenda zake.

Aliyefuata alikuwa Mama Shangwe. Yeye hakulala chini. Alisimama, mkono kiunoni, mkia juu.

"Nimesikia unasema mwanangu hajui."

"Mama Shangwe, anajua wimbo. Sauti mojamoja bado. Niachie siku chache tu—"

"Mwanangu amelibeba darasa hili msimu mzima! Wengine walikuwa wanapanua midomo tu. Leo ndiye hajui? Sema kweli, Mama Tunu. Una wivu, kwa kuwa wako hana sauti."

Neno hilo lilimchoma Bi Kororo. Lilimchoma kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Mama Shangwe akamshika mtoto mkono, wakaondoka, na Shangwe akawa anaimba nyumbani, M ya nani, Ch ya nani, Ny ya nani, kijiji kikasikia na kusema, yule walau anasoma.

Sasa sikilizeni habari za Tunu.

Nyumbani Bi Kororo alimkalisha Tunu mbele yake. Akamwambia, "Mwanangu, maneno yana mwanzo. Sema: maji. Maji inaanza na nini?"

Tunu akafikiri. "Inaanza na kiu."

"Hapana. Mama. Mama inaanza na nini?"

"Inaanza na wewe."

Ungejibu nini hapo? Bi Kororo akamkumbatia kidogo, akaanza tena. "Sauti, mwanangu. Ile ya kwanza kabisa mdomoni. Inaanza na... inaanza na... M!" Na hilo ndilo lilikuwa tatizo. Alikuwa hawezi kungoja. Akiuliza, anajibu mwenyewe. Tunu anatikisa kichwa kukubali, na wote wawili wanaona wamesoma.

Alipojigundua aliona haya. Tangu hapo akiuliza swali aliuchukua mdomo wake akauficha chini ya bawa, ukae huko. Anauliza, anaficha mdomo, anangoja. Kungoja kulimchosha kuliko kufundisha. Tunu anatazama juu. Tunu anatazama chini. Tunu anakuna shingo kwa ukucha. Mama anangoja, mdomo bawani.

Siku moja walikuwa wanakula mtama. Tunu alikuwa amejaza mdomo hata haufunguki. Mama akasema, "Usiseme mdomo umejaa." Tunu akataka kusema sisemi. Ikatoka, "Mmmm."

Akanyamaza. Akasikiliza alichokisema. Akasema tena, "Mmmm." Akameza.

"Mmm... mtama," akasema.

Bi Kororo aliuwahi mdomo wake, akauficha chini ya bawa.

"Mmm... maji. Mmm... mama." Tunu alimtazama mama yake kama anamwona leo. "Mama, wewe na maji mnaanza pamoja!"

Mama kimya, bawa limembana.

"Mmm..." Tunu akatazama juu, na macho yake yakabadilika. "Mwewe." Akaondoka mbio, vup, hadi chini ya kichaka, peke yake, wala mbinguni hakukuwa na kitu. Bi Kororo akabaki na mtama wake. Alilia, akala, akalia. Alikuwa na furaha kubwa.

Ch ilikuja kwenye choroko, halafu kwenye chura. Ny ilichelewa. Tunu aliisema nyasi, akaisema nyuki, lakini akifika kwenye nyoka alikuwa anasimama. Mama yake hakumharakisha. Yeye mwenyewe neno hilo lilikuwa likimkwama kooni. Akachora herufi mchangani kwa ukucha, wakaipitia pamoja kwa kidole cha mguu, nnnyy, wakaifuta, wakachora tena.

Na mgungani nako mambo yakasogea. Sasa akisema "Ch!" macho yamefumbwa, mapacha wote wawili walikwenda shimoni, ingawa waligongana mlangoni. Hakuna aliyekuja kusikiliza. Hakukuwa na cha kusikiliza.

Mvua zikanyesha. Bwawa likajaa. Mwenyekiti akatangaza Siku ya Maji.

Bi Kororo alikwenda kwa Nguchiro kichuguuni. Aliona aibu kumwomba, lakini alimwomba. "Bwana Nguchiro. Siku hiyo, kama utaona kitu, huwezi kulisema neno zima? Mara moja tu. Kwa ajili ya watoto."

Nguchiro alitazama upande wa mtoni.

"Korongo alisema lote," akasema. Na kwa Nguchiro hiyo ilikuwa hotuba.

Siku ikafika. Akina mama walikaa nyuma ya kichuguu wamebanana. Mama Shangwe alikaa mbali na Mama Tunu. Watoto wakaondoka kuelekea bwawani: mapacha mbele, Shangwe katikati na mkia juu, Subira nyuma kwa mwendo wake, na Tunu. Tunu aligeuka mara moja. Bi Kororo akampungia bawa, na moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kuliko watoto.

Pale bwawani palikuwa na jiwe bapa upande mmoja. Upande wa pili palikuwa na kichaka na majani marefu. Watoto wakainama. Wakanywa. Chubwi, chubwi, chubwi. Maji yalikuwa mazuri.

Juu ya kichuguu Nguchiro akasimama kwa miguu miwili.

"Ny!"

Mara moja tu.

Wa kwanza kuondoka alikuwa Shangwe. Aliinua kichwa, akapiga kelele kwa sauti ile inayojulikana kijiji kizima: "Kichakani!" Akaruka, akaingia majanini. Siku zile za wimbo darasa zima lingemfuata, na nyoka alikuwa amelala humohumo.

Hakuna aliyemfuata. Kulwa alikwenda jiweni kwa upande wake. Doto alikwenda jiweni kwa upande wake. Wakagongana juu, pu! lakini walikuwa juu. Subira aliingia gambani.

Tunu alibaki amesimama chini.

Bi Kororo aliona yote. Alimwona Tunu akimtazama Shangwe. Aliiona miguu ya Tunu ikigeuka kuelekea kichakani. Akafungua mdomo, na alikuwa na sauti ya kufika bwawani na ng'ambo. Akina mama wote wakamtazama. Akaushika mdomo wake, akauingiza chini ya bawa, akauma manyoya yake mwenyewe.

Halafu Tunu akafumba macho.

Nyoka yuko mbele, na mtoto anafumba macho! Mama Ngiri aliziba uso. Bi Kororo hakuziba. Aliutazama mdomo wa binti yake ukicheza kidogo, nnnyy, bila haraka yoyote, kama wako nyumbani mchangani. Majani yalitikisika. Tunu akafumbua macho, akapiga mabawa yake mafupi, vup vup vup, akatua juu ya jiwe.

Na pale juu ya jiwe yule asiyekuwa na sauti akapiga kelele:

"Ny! Shangwe, Ny! Siyo kichaka, ni nyoka! Njoo juu! Juu!"

Majani yakasema chakacha. Kikatoka kichwa cha Shangwe, ikatoka mikono, akatoka mzima kwa mruko mmoja ambao mpaka leo tumbili wanaujaribu. Nyuma yake nyoka aliuma. Aliuma majani. Shangwe akatua jiweni juu ya mapacha.

Nyoka akachungulia. Akawaona wote wako juu. Akamgonga Subira kwa pua, ngo, ngo, akakuta hodi haifunguliwi. Akaondoka polepole, kama mgeni aliyefika chakula kimekwisha.

Nguchiro akashuka, akachora herufi njiani, akapanda tena.

Mwenyekiti Tembo alikuwa ameona kila kitu, kwa sababu yeye hafichiki nyuma ya kichuguu. Akamsogelea Bi Kororo.

"Hawakwenda pamoja," akasema.

"Hapana, Mwenyekiti."

"Wawili waligongana."

"Hao hugongana kila siku."

"Na wako alifumba macho."

"Ndiyo, Mwenyekiti."

Tembo akawatazama watoto wakija njiani, wamechafuka, wengine wanachechemea. "Wote wapo," akasema.

"Wote wapo."

"Basi," akasema Tembo. Akalala ubavu chini, pu, na machozi yakamtoka bila wimbo wowote.

Mama Shangwe alimshika mwanawe kwa mikono na mkia. Kisha akauliza bila kumtazama Mwalimu usoni, "Kesho shule ni saa ngapi?"

"Kama kawaida," akasema Bi Kororo. "Aje na masikio yake."

Akaenda kumlaki Tunu. Tunu alikuwa amesimama njiani, juu ya ile herufi ya Nguchiro, anaipitia kwa kidole cha mguu.

"Tunu, mbona ulifumba macho?"

"Nikimwona Shangwe, mama, simsikii Nguchiro."

Bi Kororo alimfunika binti yake kwa mabawa yote mawili, palepale njiani, wapita njia wakawazunguka.

Haya. Wazazi, na walimu kama mpo, somo lenyewe ni hili, silifichi. Watoto wakiitika wote kwa pamoja, bado hujajua nani anajua. Muulize mmoja mmoja. Ukishamuuliza, nyamaza umngoje, hata kama kungoja kunakuwasha. Na wewe mtoto, usipanue mdomo tu kwa kuwa mwenzako ana sauti. Sikiliza mwenyewe, useme mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya jiwe, nami ninashuka.

Lakini msiondoke. Niliwaambia nitalirudia jambo. Wewe binti uliyejificha nyuma ya bibi yako. Ndiyo, wewe. Mwanzoni nilikuona, ulifungua mdomo tu. Bibi, tafadhali usimsaidie. Wengine kimya. Peke yako sasa.

Paukwa!

Hatuna haraka. Hata sauti ya kwanza tu inatosha.

— P...

Hiyohiyo.